Weka plaizi chini kwanza: kuendesha gari lenye kifaa cha mwendo

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeendesha Kosta ya Tanga–Lushoto alinijia kibandani kwangu Ngamiani saa mbili usiku, taa za gari amezima. Nikajua tu. Mwenye shida ya halali huja mchana na konda wake, tunabishana bei mpaka mtaa mzima unajua fyuzi ni shilingi ngapi. Huyu alininong'oneza: "Shikamoo fundi. Hiki kidude kinanipigia kelele toka Kange mpaka Mombo. Nikatie waya, nipumue."

Nikapanda, nikajilaza chali chini ya usukani, tochi mdomoni. Kitundu cha king'ora kilikuwa kimezibwa kwa bablishi iliyokauka kama simenti, juu yake pamba, juu ya pamba selotepu nyeusi raundi tatu. Alipowasha swichi bila kugusisha kitufe chake cha dereva, kidude kikalalamika hivyo hivyo, kwa sauti nyembamba ya mbu aliyenaswa ndani ya chandarua.

Sikukata. Plaizi niliiweka juu ya dashibodi aione, nikamwambia akae. Tuliongea mpaka saa nne. Ninayoandika hapa ni niliyomwambia usiku ule, pamoja na yale yaliyonijia baada ya yeye kuondoka, maana maneno mazuri hukujia mgeni akishavuka kizingiti.

Jua umefungiwa nini

Madereva wengi huita kila kitu "kifaa cha spidi" na kukichukia kwa jumla. Vifaa viko vya namna mbalimbali, na kila kimoja kinakuchukulia kitu tofauti.

Kuna kile kinachoshika mafuta. Sensa inahesabu mizunguko kwenye gia boksi. Gari likifika mwendo uliowekwa, kifaa kinabana. Kwenye injini ya zamani yenye pampu ya dizeli kinavuta mkono wa pampu au kinafunga vali ya umeme inayopitisha mafuta. Kwenye gari jipya, ambalo pedali yake haina kebo bali waya, kinakaa katikati ya pedali na kompyuta ya injini na kuidanganya kompyuta kwamba hujakanyaga sana. Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, wanavijua hivi vizuri: kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kubana mwaka 2004, matatu zote zilitakiwa kufungwa kifaa cha kutopita kilomita 80 kwa saa. Wenyewe wanakiita gavana.

Halafu kuna hiki cha kijana wangu, VTS, yaani kifaa cha kufuatilia gari, cha LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Hiki hakigusi mafuta hata tone. Ndani yake mna GPS, laini ya simu, betri ndogo ya akiba na king'ora. Ukipita 80 kinalia, na taarifa inaondoka. Kitufe unachogusisha kabla ya kuondoka kinasema nani yuko kwenye usukani. Basi. Mguu umebaki wako, injini imebaki yako. Aliposema "kimeninyima uhuru wa kukanyaga" nilimwuliza: kimekushika mguu wapi?

Na ile 80 yenyewe haikuja na kidude. Imo kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973: 50 kwenye makazi ya watu, na 80 kwa gari linalozidi tani tatu na nusu. Kijana alikuwa hajazaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa bado.

Namna ya tatu hujaiona sana Tanga, lakini itafika kwa meli siku si nyingi. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo unaosoma vibao vya barabarani kwa kamera au kwa ramani, kisha unakukumbusha kwa mlio, kwa mtetemo, au kwa pedali kukusukuma mguu taratibu. Ukikanyaga zaidi, gari linakutii. Unaweza pia kuuzima, ila ukizima gari na kuliwasha tena, nao umerudi. Sijui nani ataifundisha kamera hiyo kusoma kibao chetu cha 50 kilichomezwa na mwarobaini, au kile kilichobandikwa tangazo la mganga.

Pima kabla hujabishana

Malalamiko ya kwanza siku zote ni haya: "Mshale wangu unasema 78, kidude kinalia." Mara nyingine ni kinyume, mshale uko 84 na kidude kimenyamaza, dereva anadhani ameshinda bahati nasibu.

Spidi mita hutengenezwa ili isisome chini ya mwendo halisi, kwa hiyo ikitoka kiwandani huzidisha kidogo. GPS inapima gari lenyewe linavyosogea ardhini. Kwa hiyo mshale kusoma 84 wakati kidude kinasoma 80 ni hali ya kawaida. Mshale kusoma 78 wakati kidude kinasema 82 siyo kawaida, na mara nyingi mchawi ni tairi. Tajiri, yaani mwenye gari, amepata tairi za mtumba zenye kimo kuliko za kiwandani, akafunga. Tairi likizidi kipenyo kwa asilimia tano, mshale ukiwa 80 gari liko 84. Nenda kasome namba za ubavuni mwa tairi, uzilinganishe na zile za kwenye kibandiko cha mlangoni, kabla hujamtukana mtu wa LATRA.

Namna ya kupima bila fundi ni rahisi. Barabara ikiwa nyeupe, haina magari, na imenyooka, shika mshale kwenye 80, konda aangalie saa ya simu kutoka jiwe moja la kilomita hadi jingine. Sekunde 45 ndiyo 80 kamili. Ikiwa 43, uko karibu 84. Mwachie konda kazi hiyo, wewe angalia barabara. Rudia mara tatu, kwa sababu konda huanza kuhesabu jiwe likiwa limeshapita.

Kidude nacho huweza kukosea. Kikiwa chini ya bati la gereji au kimebanwa nyuma ya chuma cha dashibodi, hakioni setelaiti sawasawa, kinaweza kurukaruka. Lakini kwenye uwazi wa kutoka Segera kwenda Korogwe, mbingu nzima iko juu yako. Hapo kikisema umepita, umepita.

Hesabu ya dakika

Toka Kange hadi Segera ni kama kilomita 75. Humo ndani toa Pongwe, toa Muheza, toa Hale, toa kila penye kibao cha 50, matuta na rasta. Tuseme umebakiwa na kilomita 40 za kukimbia. Kwa 80 ni dakika 30. Kwa 100 ni dakika 24. Umepata dakika sita, na dakika hizo utazimalizia Muheza ukimsubiri mama mmoja ambaye magunia yake ya machungwa hayaingii kwenye buti.

Kwa ajili ya dakika sita, breki zako zinabeba nini? Zidisha 80 kwa 80, halafu 100 kwa 100, ulinganishe. Nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza imepanda kwa asilimia 56. Kwa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa 100 linakaribia 28, na mguu wako unahitaji zaidi ya sekunde moja kutoka mafuta kwenda breki. Mbuzi wa Mkanyageni hajui hesabu hizi, ila anazilipia.

Kuovateki ukiwa umefungiwa 80

Hapa nataka tukae kidogo. Hapa ndipo kifaa kinaua mtu asiyejifunza, na hapa ndipo madereva wana haki ya kulalamika. Zamani ulizoea kukanyaga, ukapita, ukarudi kushoto. Sasa huna ile akiba. Dereva anayeendelea kuovateki kwa akili ya zamani na mwendo mpya anajichimbia.

Lori la semi lina urefu wa mita kama 18. Kosta yako mita 7. Weka mita 20 nyuma yake kabla hujatoka na mita 20 mbele yake kabla hujarudi: jumla 65. Lori likienda 70 na wewe 80, unalipita kwa tofauti ya kumi tu. Zitakwenda sekunde 23, na umekula zaidi ya nusu kilomita ukiwa upande wa mwenzako. Naye anayekuja mbele kwa 80 anakula nusu kilomita yake. Maana yake ulihitaji zaidi ya kilomita nzima ya lami nyeupe. Niambie ni wapi hapo kati pana kilomita nzima bila kona wala kilima.

Lori likienda 60, sekunde zinashuka kuwa 12 na mahitaji yako ni nusu kilomita kwa jumla. Likienda 50, ni sekunde 8. Kwa hiyo kanuni yangu: tofauti ikiwa chini ya 20, kaa nyuma. Usimgande, vuta nyuma mpaka uione barabara iliyo mbele ya lori bila kulazimika kuchungulia. Subiri mahali ambapo lori lenyewe litachoka, yaani kwenye mlima. Pale mwenye semi lililojaa anashuka mpaka gia za wazee, na wewe mwenye Kosta bado una pumzi. Konda akikwambia "twende, kweupe", mwulize ana leseni daraja gani.

Na anayeovatekiwa ana kazi yake pia. Mwenzako mwenye kifaa akiwa ubavuni mwako, wewe uko 70 na yeye 80, punguza mguu mpaka 60. Usifanye ligi. Sekunde 23 zitakuwa 12, na wote mtafika kwa wake zenu.

Kwenye mteremko kifaa kinachobana mafuta hakina msaada. Mafuta yamefungwa, gari bado linavutwa na uzito wake. VTS nayo itakulilia tu. Shika gia mapema, kabla ya kushuka. Nyutro ya kuokoa mafuta waachie waliochoka kuishi. Na toka Lushoto kushuka Mombo usingoje kidude kikwambie kitu. Zile kona ukiziingia kwa 60 utafika Mombo kwa njia ya mkato, na kidude kitakuwa kimya muda wote. 80 siyo ruhusa, ni dari.

Kwa nini sikati waya

Siyo kwa sababu ya utakatifu. Niliwahi kukata.

Ni miaka mingi, kulikuja Hiace iliyonunuliwa upande wa Mombasa, ina gavana yake ya Kikenya. Mwenye gari alitaka ikimbie. Nikamwekea swichi ya siri chini ya usukani: ukibonyeza, umeme unaruka kifaa na kwenda moja kwa moja kwenye vali ya mafuta. Nilijiona bingwa. Ile jointi nilisokota kwa vidole na kuzungushia selotepu, sikuilehemu, kwa sababu kulikuwa na gari jingine linasubiri.

Wiki tatu baadaye, karibu na Hale, dereva yuko upande wa kulia anapita trekta la mkonge, mtikisiko ukaachanisha waya wangu. Vali ikafunga. Injini ikazima katikati ya kuovateki, usukani ukawa mzito kama jiwe. Akaona roli mbele, akaamua kulia zaidi, ndani ya shamba. Hakufa mtu. Konda alivunjika mfupa wa bega, na abiria walichomwa na miiba ya mkonge mpaka usoni. Niliitwa kwenda kulivuta. Nikainama chini ya usukani kwa tochi, nikaiona selotepu yangu inaning'inia. Nikaitia mfukoni kabla hajaiona mtu.

Sababu nyingine ni ya kifundi. Hizi za sasa hazikatiki kimyakimya. Ukichomoa umeme, betri ya ndani inashika na kifaa kinaripoti kwamba kimekatiwa. Ukifunika antena, gari linapotea kwenye kioo cha anayeangalia, na gari kupotea ni kelele kubwa kuliko gari kukimbia. Na aliyegusisha kitufe asubuhi ni wewe, siyo mimi.

Uhuru wa nani?

Kijana alinijibu kwa uchungu: "Fundi, miaka kumi na moja naendesha, sijagonga hata kuku. Kwani mimi mtoto?" Sikumpuuza. Dereva mzuri kufungwa kamba moja na mhuni, inauma. Na hasira hiyo siyo ya leo wala ya Tanga. Mwaka 1923, mjini Cincinnati huko Marekani, watu zaidi ya 40,000 walitia saini kutaka kila gari la mjini lifungwe kifaa lisipite maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40. Wafanyabiashara wa magari wakalipiga vita pendekezo hilo, na wapiga kura wakalikataa. Miaka mia imepita na ugomvi ni ule ule, tumebadilisha waya tu.

Lakini nilimwuliza: ukipita 80, nani anafurahi? Akanyamaza. Nikamwuliza hesabu, yaani fedha anayompelekea tajiri, ni ngapi kwa siku. Akaitaja. Nikamwuliza nani aliipanga, na kama ilishuka walipomfungia kifaa. Haikushuka. Tajiri anataka hesabu ile ile ya tripu zile zile, trafiki akipiga tochi faini ni ya dereva, kidude kikilia kosa ni la dereva. Ile ishirini ya juu ya 80 aliyokuwa anaipigania haikuwa yake hata siku moja. Ilikuwa ya tajiri, yeye ameishikia tu kwa mguu.

Kwa hiyo hatua ninayompa kila dereva ni hii: kabla hujagombana na kifaa, gombana na hesabu. Chukua ripoti ya safari. Mwenye gari au kampuni iliyofunga kifaa wanaweza kuitoa, inaonyesha saa, mahali na mwendo. Ikae mezani kati yako na tajiri: bosi, tripu hii kwa mwendo halali imechukua saa hizi, huyu ni shahidi wako mwenyewe uliyemlipia. Daftari lako pia liwepo. Andika saa ya kuondoka, kila palipolia na sababu, kila uliposimamishwa na trafiki, kila foleni. Mstari mmoja kila tukio, ukiwa umesimama, siyo ukiwa barabarani. Dereva mwenye daftari haongei sana.

Kuna upande ambao mimi na kidude hatuelewani. Kunizuia mwendo nakubali. Kuniangalia kisogo kutwa, nina neno. Kijana alisimama Muheza dakika kumi na nne, simu ikaita: "Umesimama kwa nani hapo?" Alikuwa chooni, tumbo limemkamata. Akaanza kueleza habari za tumbo lake kwa mtu mzima, mbele ya abiria, kwenye spika. Mwingine aliulizwa kwa nini gari limelala Makorora badala ya Chumbageni, siku ambayo alikuwa na ruhusa ya kulala nalo. Hilo halihusiani na ajali. Hilo ni la mwendo kupewa jina na mengine kujificha nyuma yake.

Dawa yake ni karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kumwuliza anayeshika taarifa zako anazo zipi na anazifanyia nini, na ipo Tume ya kushughulikia malalamiko. Huna haja ya kuanza na Tume. Anza na ukurasa mmoja wa daftari, ukiwa na tajiri wako, kwa adabu, baada ya hesabu kufika siyo kabla: nani anaangalia gari kwenye simu, anaangalia saa za kazi tu au na usiku, ripoti zinakaa muda gani, na atakupigia kwa jambo gani. Usisahau kuandika kwamba hapigi gari likiwa linatembea. Nakala mbili, tarehe, sahihi zote mbili. Tajiri akikataa kusaini, andika tarehe aliyokataa.

Tulimwandikia kijana ule ukurasa pale pale, juu ya boneti, kwa mwanga wa tochi. Halafu nikamfungulia king'ora. Kama na wewe umekiziba, usichokonoe kwa bisibisi, utatoboa kile kibati chembamba cha ndani kinachotoa sauti. Zima gari, lainisha bablishi kwa pamba yenye spiriti, subiri, litoe kwa sindano kidogo kidogo. Betri usichomoe bila kumwambia tajiri, sababu umeshaijua. Ni kazi ya nusu saa, elfu tano. Yeye alinipa tatu, akasema mbili atazileta akirudi Lushoto.